Miezi mitatu kwa mnasihi mpya mjini Tanga

Kwa muda wa miezi mitatu sasa nimekuwa nikienda, Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye kituo kidogo cha unasihi, yaani ushauri nasaha, kilichomo katika nyumba ya zamani ya ghorofa moja, si mbali na njia ya kuelekea Raskazoni. Naandika tathmini hii kwa ajili ya mtu anayefikiria kwenda kwa mnasihi kwa mara ya kwanza, na zaidi kwa ajili ya yule aliyewahi kuwa na mnasihi mahali pengine na sasa inambidi aanze upya na mtu asiyemjua, kwa kuwa hiyo ndiyo hali iliyonikuta mimi. Jina la kituo sitalitaja. Wateja wake si wengi, mji wetu watu wanajuana, na mtu anayeonekana akipanda ngazi zile ana haki ya kutotambuliwa kwa sababu ya maandishi yangu.

Mume wangu alifariki mwaka juzi tukiwa Dar es Salaam. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, na ilipokwisha watu wote walitarajia, nami pamoja nao, kwamba nitainuka na kuendelea. Badala yake usingizi ulipotea, chakula kikawa hakina ladha, na mgongo ukaniuma kwa namna ambayo hakuna kipimo kilichoonyesha sababu yake. Nilipata mnasihi kule Dar es Salaam, mwanamume mtu mzima mwenye upole, na nilikaa naye karibu mwaka mmoja. Kisha nikahamishiwa Tanga kufundisha, nikaja kuishi na shangazi yangu Ngamiani. Mnasihi wangu alikuwa tayari tuendelee kwa simu, lakini nyumba ya Ngamiani ina watu tisa na kuta zake hazizuii sauti, na mazungumzo ya aina ile hayafanyiki mtu akiwa amejifungia bafuni huku watoto wakigonga mlango. Nilijaribu mara mbili nikaacha.

Kwanza niseme jambo kuhusu maneno, kwa sababu yalinichelewesha. Watu wetu wengi wakisikia ushauri nasaha hukumbuka moja kwa moja kupima virusi vya UKIMWI, kwa kuwa huko ndiko neno hilo lilikozoeleka, na wakisikia mwanasaikolojia hufikiri habari za kurukwa na akili. Mkoa wetu una hospitali ya Lutindi, kule milimani Korogwe, ambayo imehudumia wagonjwa wa akili tangu zama za Wajerumani, na kwa bahati mbaya jina lake limekuwa neno la kutishana. Shangazi aliponisikia nikiulizia kituo hiki alinong'ona, "Mwanangu, tumefika huko?" Nilimjibu kwamba ninakwenda kuzungumza na mtu aliyesomea kusikiliza, basi. Hakuridhika, lakini alisema atanisindikiza.

Mapokezi ndiyo sehemu dhaifu ya kituo hiki na sitaificha. Sebule ya kusubiria ni ndogo, viti vimepangwa vikitazamana, na siku ya kwanza binti wa mapokezi aliniita kwa sauti ya juu kwa jina langu na la baba yangu. Kwa anayeujua mji huu, jina la baba linatosha kuujua ukoo wote. Nilimwona mama mmoja aliyekuwa ameketi mbele yangu akiinua macho, kisha akayashusha haraka kwa adabu, na niliona aibu kwa niaba yetu sote wawili.

Baada ya hapo nilipewa karatasi tatu. Ya kwanza ilikuwa ya maelezo ya kawaida. Ya pili ilikuwa ya ridhaa, na nitairudia. Ya tatu ilikuwa na maswali tisa yanayotumika katika nchi nyingi kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, yakikuuliza katika wiki mbili zilizopita umesumbuliwa mara ngapi na jambo fulani: kukosa hamu ya kufanya mambo, kulala kidogo au kupita kiasi, uchovu, kujiona umeshindwa, na mengine, hadi swali la mwisho linalouliza kama umewahi kufikiri kwamba ni afadhali ungekuwa umekufa. Kila swali lina alama kuanzia 0 hadi 3, hivyo jumla ya juu kabisa ni 27. Mimi nilipata 14, na kwa kipimo hicho 10 hadi 14 ni sonona ya wastani. Nashauri mtu ayajibu maswali hayo kwa ukweli hata kama yanatisha, hasa lile la mwisho, kwa sababu mnasihi mwenye ujuzi hashtuki wala hakuiti mkosefu. Hukuuliza zaidi, kwa utulivu, ili ajue kama uko salama. Hata hivyo karatasi ile haina pa kuandika mgongo. Kwetu huzuni hukaa mwilini, mtu husema moyo mzito, kichwa kimejaa, mwili umekufa ganzi, na aliyekuja na maumivu hayo anaweza kudhani amekosea mlango. Mnasihi wangu aliliziba pengo hilo yeye mwenyewe, kwa kuniuliza mapema ni sehemu gani ya mwili inayobeba mzigo. Ingekuwa vizuri swali hilo liwemo kwenye karatasi.

Sasa habari ya ridhaa na siri, ambayo ndiyo iliyonifanya nibaki. Kabla sijasema lolote, mnasihi alinieleza kwa sentensi chache zilizo wazi kwamba nitakayoyasema hayatoki nje ya chumba kile isipokuwa katika hali alizozitaja moja baada ya nyingine: akiona kwamba nimekaribia kujidhuru, au kumdhuru mtu mwingine, au kuna mtoto anayeumizwa, au mahakama ikiagiza. Alinieleza pia kwamba huandika muhtasari baada ya kila kikao, kwamba daftari hukaa kwenye kabati lenye kufuli, na kwamba nina haki ya kuuliza kilichoandikwa juu yangu. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nami nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba inanihusu hata mimi na machozi yangu. Mnasihi mpya asiyekueleza mipaka ya siri katika kikao cha kwanza, muulize wewe, na akionekana kukerwa na swali hilo, hiyo ni dalili mbaya.

Jaribio halisi la maneno hayo lilikuja dakika hamsini baadaye. Shangazi alikuwa akisubiri chini ya ngazi, na mnasihi aliposhuka kunisindikiza alimsalimia, "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, mwanangu. Haya, huyu binti yetu kasemaje huko ndani?" Nilihisi tumbo likikaza. Mnasihi alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Shangazi, nakushukuru kwa kumsindikiza, umefanya jambo kubwa. Ya ndani ni yake mwenyewe, akipenda atakueleza." Shangazi hakusema neno. Tulipanda bajaji, na tulipokaribia nyumbani ndipo alipotamka, akitazama barabarani, "Yule kafunzwa." Tangu siku ile hajaniuliza tena, na mara mbili nimemweleza mwenyewe kwa hiari yangu.

Kuhusu kikao chenyewe, mtu ajiandae kwa jambo ambalo mimi sikulitarajia: uchovu wa kusimulia upya. Mnasihi wa zamani alikuwa ameyajua majina ya watu wangu, ugonjwa wa mume wangu ulivyoanza, ugomvi wa mirathi ulivyokwisha, na sasa yote hayo yalibidi yaanze mwanzo mbele ya mwanamke mwenye umri mdogo kuliko wangu. Katikati ya maelezo nilihisi kama ninasoma taarifa ya habari ya mtu mwingine. Aliliona hilo. Alisema hakuna haja ya kumaliza historia yote siku ile, kwamba tunaweza kuanzia na wiki iliyopita na mengine yatakuja yenyewe, na kwamba nikikubali kwa maandishi anaweza kumwomba mnasihi wangu wa Dar es Salaam muhtasari wa kazi tuliyoifanya. Nilikubali, nikaweka sharti kwamba aelezwe tuliyoyajaribu, si kila nililolisema. Muhtasari ulikuja baada ya wiki mbili, kurasa mbili tu, na tuliusoma pamoja. Kama unahama mji na una mnasihi anayekufaa, liombe jambo hilo kabla hujaondoka.

Swali lake la kwanza kabisa lilikuwa, "Ungependa nikuite nani?" Nyumbani mimi ni mama wa mwanangu wa kwanza, shuleni ni mwalimu, kwa majirani ni mjane wa fulani. Nilikaa kimya muda mrefu kuliko swali lilivyostahili, kisha nikamwambia aniite kwa jina langu nililopewa nilipozaliwa, ambalo tangu mume wangu afariki hakuna aliyelitamka kwa upole. Nililia kabla hatujaanza.

Hata hivyo kikao hicho hicho kilikuwa na kosa, na ningependa nilieleze kwa urefu kwa sababu naamini kila anayeanza na mnasihi mpya atakutana na kosa la namna hii. Nilipotaja eda, aliniuliza, "Kipindi chote hicho cha kufungiwa ndani, ulijisikiaje?" Mnasihi wangu si Mwislamu na hakukulia pwani. Hakuuliza kwa dharau, lakini neno lile la kufungiwa lilinichoma. Kwangu mimi eda ilikuwa ndiyo miezi pekee ambayo nilipewa ruhusa ya kuhuzunika. Hakuna aliyenitaka nipike kwa ajili ya wageni, nicheke, nijipambe au nieleze. Wanawake walikuja, wakakaa, wakanyamaza pamoja nami. Mateso yangu yalianza siku nilipotoka. Nilimjibu mnasihi kwa maneno mawili matatu, nikamaliza kikao, nikarudi nyumbani nimekasirika, na kwa siku tano niliamini kwamba sitarudi.

Nilirudi kwa sababu ya shilingi elfu thelathini nilizokuwa nimelipia kikao cha pili. Niliketi, nikamwambia jinsi swali lake lilivyoniumiza, na sauti yangu ilitetemeka kwa kuwa sikulelewa kumwambia mtaalamu kwamba amekosea. Aliweka kalamu chini. Hakujitetea, wala hakunieleza kwamba hasira yangu ina chanzo kingine. Alisema, "Nilikuuliza nikiwa na jibu langu tayari. Nisamehe. Nieleze eda ilikuwaje kwako." Basi nikaeleza karibu nusu saa, na humo nikajisikia nikisema mambo ambayo sikuwahi kumwambia mnasihi wangu wa kwanza, ambaye alikuwa wa dini yangu na mila zangu. Yeye, kwa kuwa eda aliijua, hakuiuliza kamwe. Nami, kwa kuwa nilidhani anajua, sikuieleza.

Tangu hapo nimebadili namna ninavyompima mnasihi. Zamani nilitafuta mtu anayefanana nami, na bado naona hilo lina faida yake. Yupo mwanamke ambaye hawezi kusema mambo ya ndoa mbele ya mwanamume, na kituo hiki, chenye mnasihi mwanamke na mnasihi mwanamume, humwacha mteja achague. Lakini sasa ninaangalia zaidi kinachotokea baada ya kumwambia kwamba amekosea. Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Bordin, aliandika kwamba ushirikiano kati ya mtoa tiba na mteja umejengwa kwa mambo matatu: kukubaliana juu ya lengo, kukubaliana juu ya kazi itakayofanywa, na mshikamano baina yao. Mshikamano wangu na mnasihi huyu haukuwapo siku ya kwanza. Ulianza siku alipoweka kalamu chini. Kwa hiyo namsihi anayeanza asiamue katika kikao cha kwanza, ila kama ametukanwa, ameguswa isivyostahili au siri yake imevunjwa, kwani hapo aondoke na asirudi. Kwa kasoro ndogo kuliko hizo, mpe mnasihi vikao vitatu, na katika vikao hivyo sema kinachokuuma.

Lengo na kazi tulivikubali katika kikao cha tatu. Aliniuliza nikipona nitajuaje, nikasema nitajua nikilala hadi alfajiri na nikiweza kutembea kando ya bahari jioni kama tulivyozoea na marehemu kila tulipokuja Tanga. Anatumia tiba inayoangalia jinsi wazo, hisia na tendo vinavyovutana, ambayo Aaron Beck aliianzisha Marekani katika miaka ya 1960, na alinieleza hivyo bila kunificha nyuma ya maneno magumu. Ina kazi za nyumbani. Niliandika kwenye daftari saa ninayopanda kitandani, saa ninayopata usingizi, na wazo linaloniamsha. Baada ya wiki tatu tuliona sote wawili kwamba wazo ni lile lile, kwamba ningemwahisha hospitali asingekufa, na tangu hapo hilo ndilo tunalolifanyia kazi. Karatasi za mazoezi wanazogawa, kwa upande mwingine, hazifai. Zinaonekana zimetafsiriwa kwa haraka, na moja inamshauri mteja ajifariji kwa kuoga maji ya moto, jambo ambalo katika joto la Tanga la mwezi Februari halina faraja yoyote. Nilimwambia mnasihi, naye akaniachia niandike orodha yangu mwenyewe ya vinavyonituliza: harufu ya udi, kusuka ukili, vitumbua vya asubuhi, uradi baada ya swala ya magharibi.

Wengi wataniuliza kuhusu dini. Shangazi aliniandalia kisomo usiku wa kuamkia Ijumaa, nami nilimweleza mnasihi nikitarajia apinge. Aliniuliza tu kama kinanipa nafuu, nikasema ndiyo, akasema basi tuendelee na vyote viwili. Alinitahadharisha juu ya jambo moja tu, kwamba mtu yeyote akiniambia niache dawa za hospitali au akinidai fedha nyingi kwa ajili ya kunitoa kitu, nimjulishe kabla sijatoa. Naona hilo ni sawa. Yeye mwenyewe haandiki dawa, kwa kuwa hiyo ni kazi ya daktari, lakini alinielekeza hospitali ya mkoa, Bombo, nikapimwe damu, akieleza kwamba upungufu wa damu au hitilafu ya tezi ya shingo huweza kuleta uchovu unaofanana na sonona. Nilikutwa na upungufu wa damu. Vidonge vya madini ya chuma havikuondoa huzuni, ila vilinipa nguvu ya kupanda ngazi za kituo bila kupumzika katikati.

Bei ni shilingi elfu arobaini kwa kikao cha kwanza na elfu thelathini kwa vinavyofuata, na kikao ni dakika hamsini kamili. Kwa mshahara wa mwalimu ni fedha nzito. Wiki nane za mwanzo nilikwenda kila Jumamosi, kisha kwa makubaliano tukahamia kila wiki ya pili. Ukighairi bila kutoa taarifa saa ishirini na nne kabla, unalipa. Wao walighairi mara moja asubuhi ileile nikiwa tayari njiani, wakaomba radhi, lakini nauli yangu ya bajaji haikurudi. Ningependa sharti hilo liwafunge wote wawili.

Mtu asitarajie nafuu ya haraka. Tanga tunasifika kwa ule usemi wetu wa waja leo waondoka leo, lakini kwa mnasihi, aliyekuja leo haondoki leo. Baada ya vikao viwili vya kwanza nilijisikia vibaya zaidi, kichwa kiliniuma na niliwahi kulala mchana kutwa, hivyo usipange sherehe wala kusahihisha mitihani siku hiyo. Usiku niliofanikiwa kulala hadi adhana ya alfajiri ulikuja katika wiki ya sita, ukatoweka, ukarudi wiki ya tisa. Alama zangu katika yale maswali tisa sasa ni 8. Na kama mtu wako amefikia hatua ya kupanga kujiua, au hali chakula, au anasikia sauti zinazomwamuru, usimpangie miadi ya Jumamosi katika kituo kama hiki. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na usimwache peke yake.

Kuhusu mapokezi, nililiandika lalamiko langu kwenye kijisanduku cha maoni na kulirudia kwa mdomo mbele ya mnasihi. Jumamosi iliyopita nilikuta viti vimegeuzwa, vyote vinatazama dirishani, na minazi ya jirani inaonekana. Zamu yangu ilipofika, binti wa mapokezi hakuita jina. Alitoka nyuma ya meza yake, akaja mpaka nilipoketi, akainama kidogo na kusema kwa sauti ya chini, "Karibu, dada, mlango uko wazi."